Korneto, kapuchino na "baa" ya Waitaliano: majibu kwa wasomaji

Katika toleo lililopita niligusia, kwa aya moja tu, jinsi mfanyakazi wa Roma anavyoianza siku yake kwa kikombe cha kapuchino, yaani kahawa yenye maziwa ya povu, na korneto moja, yaani kitafunio laini cha unga wa ngano chenye umbo la pembe. Sikujua kwamba aya hiyo ingevuta barua nyingi kuliko makala yote iliyobaki. Nimechagua barua sita, nyingine nimezifupisha, na pale ambapo wasomaji wawili waliuliza jambo moja nimeziunganisha.

Mhariri mpendwa, mimi ni mwokaji wa mikate. Baada ya kuitazama picha mliyoichapisha nilijiambia kuwa korneto si kitu kingine ila kruasani ya Wafaransa iliyobatizwa jina la Kiitaliano. Je, kuna tofauti ya kweli, au ni majivuno ya mataifa tu?

Ndugu mwokaji, majivuno yapo tele, lakini tofauti nayo ipo, na kwa kazi yako utaihisi vidoleni kabla hujaionja. Vitafunio hivi ni vya ukoo mmoja: kinyunya kilichotiwa hamira husukumwa, hufungiwa kipande bapa cha siagi baridi, hukunjwa sehemu tatu kama barua, huwekwa kwenye jokofu kipumzike, kisha husukumwa na kukunjwa tena. Anayerudia kazi hiyo mara tatu hupata tabaka 27 za siagi zilizotenganishwa na unga, na mvuke wa maji yaliyomo ndani ya siagi na kinyunya ndio unaozinyanyua tabaka hizo zikiwa tanurini. Hadi hapo Mfaransa na Mwitaliano wanakwenda njia moja.

Wanaachana kwenye bakuli la kukandia. Kinyunya cha kruasani kwa kawaida hakina mayai, kwa kuwa yai hupakwa juu tu ili kitafunio king'ae, ilhali kinyunya cha korneto hutiwa mayai ndani yake, sukari nyingi zaidi, na mara nyingi vanila pamoja na ganda la limau au la chungwa lililoparuzwa, huku siagi ikipunguzwa. Ndiyo maana kruasani nzuri hupasuka ukiiuma na kukuachia makombo kifuani, wakati korneto hukubali meno kwa upole kama mkate mtamu, hunukia limau kabla ya kunukia siagi, na hubadilika rangi upesi tanurini kwa sababu ya ile sukari yake. Ukitaka kuijaribu, tahadhari kubwa ni joto la mahali unapoiumulia: likipita nyuzi 28 au hivi, siagi huanza kulegea na kuvuja, tabaka hushikana, na utakachokitoa tanurini kitakuwa mkate wenye mafuta.

Kwa maoni yangu, anayezishindanisha kwa kuhesabu makombo anakosea mahali pa kutazama. Kruasani inajitosheleza, imetengenezwa ili uonje siagi. Korneto imetengenezwa ikijua kwamba pembeni yake kutakuwa na kikombe cha kahawa yenye maziwa, na kwamba huenda tumboni mwake ikatiwa kitu cha kuijaza. Ile isiyotiwa kitu huitwa *semplice* au *vuoto*, yaani tupu, na zinazofuata ni ya krimu nzito ya maziwa na mayai, ya jemu ya aprikoti, ya chokoleti, ya unga usiokobolewa iliyotiwa asali, na miaka hii ya karibuni ile ya krimu ya kijani ya pistachio, ambayo imeenea hadi kwenye mikahawa midogo kabisa. Jemu mara nyingi hufungiwa ndani kabla ya kuoka, lakini krimu hupigwa kwa bomba baada ya kuoka, na ukichunguza utaona tundu dogo ilipoingilia.

Binti yangu amepata nafasi ya kusoma Bologna. Katika barua yake ya kwanza ameniandikia kwamba kila asubuhi hupitia baa kabla ya kwenda darasani, tena ameandika kama jambo la kawaida. Nimeshtuka, na baba yake sijamwambia. Naomba unieleze watu wa huko wanaishije.

Mama mpendwa, punguza wasiwasi, maana aliyekukosea ni neno, si binti yako. Katika Kiswahili tukisikia baa tunafikiria bia, muziki na usiku, lakini kile ambacho Waitaliano huandika *bar* ni mahali ambapo sisi tungepaita mkahawa: hufunguliwa alfajiri, hunukia kahawa iliyosagwa sasa hivi, na saa moja na nusu asubuhi utawakuta humo watoto wa shule wenye mabegi mgongoni, masista wa kanisa, wafagiaji wa barabara na mahakimu, wote wamesimama bega kwa bega. Sitakuficha kwamba nyuma ya kaunta kuna rafu ya chupa za vileo, na kwamba wazee wengine huomba espreso yao, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, itiwe tone la pombe kali ya zabibu, kahawa ambayo wao, kwa utani ambao nimeupenda siku zote, huiita *caffè corretto*, "kahawa iliyosahihishwa". Lakini kijana anayesema amepitia baa saa mbili asubuhi amepitia kunywa kapuchino na kula korneto, basi. Hata baba yake unaweza kumwambia.

Umeniuliza wanaishije, na kwa kuwa swali hili limeletwa pia na msomaji mwingine aliyetaka kujua kwa nini watu hao hula wamesimama, acha niwajibu kwa pamoja na kwa urefu kidogo.

Sababu ya kwanza ni mashine. Mwaka 1884 Angelo Moriondo wa Turin aliandikisha hataza ya mashine ya mvuke ya kutengeneza kahawa, na mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano akaandikisha ya kwake iliyotengeneza kikombe kimoja kwa kila mteja, papo hapo, badala ya birika zima. Desiderio Pavoni ndiye aliyeiingiza mashine hiyo sokoni miaka michache baadaye. Kahawa inayochukua chini ya dakika moja kutoka haihitaji kiti, na wala haivumilii kusubiriwa, kwa sababu ikikaa hupoteza ladha. Sababu ya pili ni bei. Mwaka 1911 serikali za miji ziliruhusiwa kuweka kikomo cha bei za bidhaa za lazima, na kahawa inywewayo bila huduma ya mezani ikaingizwa katika hesabu hiyo. Tangu hapo mtu wa kawaida akawa na sababu nzuri ya kubaki kwenye kaunta. Hadi leo sehemu nyingi zina bei mbili, ya kaunta na ya mezani, nazo hutakiwa kubandikwa mahali ambapo mteja anaweza kuziona. Espreso ya kaunta hugharimu zaidi kidogo ya yuro moja, na korneto ya kawaida haiko mbali na hapo, ila mgeni aliyekaa kwenye kiti cha uwanja maarufu wa Venezia au Roma huletewa hesabu iliyozidishwa mara kadhaa, kwa sababu amekodi kiti, mandhari na mara nyingine hata wapiga fidla. Mwanafunzi hakai. Mwanafunzi husimama.

Utaratibu wenyewe una adabu zake. Unaingia na kusema "buongiorno" kwa watu wote, si kwa mhudumu peke yake. Katika mikahawa mikubwa, hasa ya stesheni na ya barabara kuu, unalipa kwanza kwa karani wa fedha kisha unapeleka stakabadhi kwenye kaunta. Katika mikahawa ya mtaani unakula kwanza, halafu unajitajia mwenyewe ulichokula, na unaaminiwa. Korneto utaikuta kwenye kabati la vioo, nawe utaonyesha kwa kidole au utaichukua mwenyewe kwa koleo, ukaishika kwa karatasi nyembamba ya kupangusia mikono inayotolewa kwenye kijisanduku cha chuma. Karatasi hizo, naomba niseme hapa kwa uchungu wa miaka mingi, hazipangusi kitu chochote. Mhudumu hushika kichwani maagizo ya watu sita au saba, mmoja akitaka maziwa ya vuguvugu, mwingine yasiyo na povu, wa tatu kahawa ndani ya kikombe cha glasi, na hakosei. Mteja wa kila siku haagizi. Anapotokea mlangoni mashine huanza kukoroma, na kama mhudumu ni mpya na hamjui, mteja hujibu *il solito*, yaani "kama kawaida yangu". Shughuli nzima huchukua dakika tano, kumi zikizidi, na ndani ya dakika hizo habari za mpira, za mvua na za mgomo wa mabasi zimekwisha kujadiliwa.

Kuna jambo moja ambalo binti yako atakuwa ameshalijua. Kapuchino ni ya asubuhi. Hakuna sheria inayoizuia saa nyingine, na hakuna atakayekataa kukuuzia, lakini anayeiagiza baada ya chakula cha mchana hujulisha watu kwamba ni mgeni, maana kwa Waitaliano maziwa mengi juu ya tumbo lililoshiba ni kujitafutia maradhi. Baada ya mlo hunywa espreso tupu.

Naongeza pia, ili usije ukadhani taifa zima limehamia kwenye kaunta, kwamba wengi hupata staftahi nyumbani kwao. Hapo kahawa hutoka kwenye moka, birika la pembe nane linalowekwa juu ya jiko ambalo Alfonso Bialetti alilitoa mwaka 1933 huko Piemonte, na korneto huchukuliwa nafasi na biskuti zinazochovywa ndani ya kahawa ya maziwa, au vipande vya mkate mkavu vilivyopakwa jemu. Korneto ya mkahawani kwa watu wa namna hiyo ni ya Jumapili, au ya siku ambayo mtu ameona anastahili kujipendelea.

Assalaam alaykum. Nafundisha historia, na wanafunzi wangu wamesoma mahali kwamba kitafunio hiki kiliokwa kwa mara ya kwanza Vienna ili kuidhihaki hilali ya Waturuki walioshindwa vitani. Je, kuna ukweli?

Waalaykum salaam, Mwalimu. Hadithi hiyo ni tamu kama chenyewe kitafunio, nayo inakwenda hivi: mwaka 1683 jeshi la Dola ya Uthmaniya likiongozwa na Kara Mustafa Pasha liliuzingira mji wa Vienna, waokaji, ambao huwa macho wakati watu wengine wamelala, wakasikia chini ya ardhi vishindo vya wachimbaji waliokuwa wakitoboa njia chini ya ngome, wakapiga mbiu, mji ukaokoka, na kwa furaha wakaoka mkate wenye umbo la hilali ili kila raia amle adui wake asubuhi.

Sehemu ya vita ni ya kweli. Mji ulizingirwa kuanzia Julai hadi tarehe 12 Septemba, ulipookolewa na majeshi yaliyoongozwa na Jan Sobieski, mfalme wa Polandi, na ni kweli pia kwamba wazingiraji walichimba chini ya kuta na kutega baruti. Sehemu ya mkate ndiyo isiyosimama. *Kipferl*, kitafunio cha Austria kilichopindwa ambacho ndicho babu wa korneto na wa kruasani, kilikuwa kikitajwa karne kadhaa kabla ya vita hivyo, tangu karne ya 13, kwa hiyo hakiwezi kuwa kilizaliwa kwa ajili yake. Tena hadithi ile ile husimuliwa kuhusu mji wa Buda, Hungaria, mwaka 1686, na msimulizi anayebadilisha mji bila kubadilisha kitu kingine humfanya msikilizaji aanze kushuku. Hata kahawa ya Vienna imevishwa kisa cha vita hivyo: huambiwa kwamba mtu aitwaye Kolschitzky alirithi magunia yaliyoachwa na Waturuki akafungua mkahawa wa kwanza, wakati kumbukumbu zinamwonyesha Johannes Diodato, Mwarmenia, kuwa ndiye aliyepata ruhusa ya kuuza kahawa mjini humo mwaka 1685.

Waambie wanafunzi wako watazame majina. Wafaransa, ambao walikipokea kitafunio hicho kutoka kwa duka la mkate wa Kivienna lililofunguliwa Paris na August Zang mwishoni mwa miaka ya 1830, walikiita *croissant*, yaani mwezi mwandamo. Waitaliano walikiangalia kitu kile kile wakaona *corno*, pembe, wakakiita kijipembe. Na huko Napoli neno hilo hilo hutumika kwa kile kidani chekundu ambacho watu huvaa kujikinga na kijicho. Mkate uliopindwa ni mkate uliopindwa, na kila taifa limeusomea maana yake.

Njia ambayo mkate huo ulipitia kuingia Italia haina siri kubwa. Venezia ilifanya biashara na Vienna kwa karne nyingi, na baadaye eneo lote la Lombardia na Veneto likawa chini ya utawala wa Austria, Milano hadi mwaka 1859 na Venezia hadi 1866. Wanajeshi na makarani walikuja na mazoea yao ya asubuhi. Kapuchino yenyewe ina jina lililopitia huko huko: Wavienna walikuwa na kahawa waliyoiita *Kapuziner*, kwa kuwa rangi yake, maziwa yakishachanganywa, ilifanana na kanzu ya kahawia ya mabruda Wakapuchini.

Shikamoo, Mzee. Niko Milano kwa masomo. Wiki ya kwanza niliingia mkahawani nikaomba "cornetto" kama nilivyofundishwa na mwalimu wangu aliyesomea Roma, mhudumu akaniuliza kwa kucheka kama nataka mboga. Nilikosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Hukukosea, umevuka mpaka tu. Kuanzia Roma kwenda kusini kitafunio hiki ni *cornetto*, lakini kaskazini huitwa *brioche*, jina walilolichukua kwa Wafaransa na kulitumia kwa kitu ambacho Wafaransa wenyewe wasingekiita hivyo. Kwa watu wa Lombardia, *cornetti* ni maharagwe mabichi yale membamba ya kijani ya kupikwa na maganda yake. Mhudumu wako alikuelewa vizuri, ila saa mbili asubuhi mtu hujichekesha kwa kile alicho nacho. Kesho omba brioshi, na usijali.

Ila ukishuka Sisili likizo ikifika, neno hilo litakugeuka tena. Huko *brioche* ni mkate wa mviringo, laini, wa mayai, wenye kidonge kidogo juu kinachoitwa *tuppo*, kwa mfano wa fundo la nywele ambalo wanawake hufunga kisogoni, na wakati wa joto huliwa asubuhi pamoja na granita, barafu iliyosagika ya lozi au ya limau, au huko Messina ya kahawa iliyofunikwa malai. Kwanza unaking'oa kile kidonge, unakichovya, halafu ndipo unaendelea na mkate. Nimemwona mzee wa miaka themanini akimkemea mjukuu wake kwa kuanza upande wa chini, na nikamuunga mkono mzee.

Safiri na njaa, mwanangu, kwa sababu kila mji una asubuhi yake. Roma, mbali na korneto, ina *maritozzo*, mkate wa siku hizi unaopasuliwa na kujazwa malai hadi unashindwa kufunga mdomo. Zamani ulikuwa mdogo, wenye zabibu kavu, mbegu za msonobari na maganda ya machungwa yaliyokaushwa kwa sukari, ukaliwa hasa wakati wa Kwaresima. Jina lake limetokana na *marito*, mume, kwa kuwa wachumba waliwapelekea wapenzi wao mkate huo Ijumaa ya kwanza ya Machi, na husemwa kwamba wengine walificha pete ndani yake. Napoli ina *sfogliatella*, yenye ganda la tabaka nyembamba kama kurasa na tumbo la semolina, jibini laini ya rikota na mdalasini. Inatajwa kuwa ilitoka katika konventi ya Santa Rosa kwenye pwani ya Amalfi, na Pasquale Pintauro ndiye aliyeifikisha mtaani Napoli mwaka 1818. Lecce wana *pasticciotto*, kijipai cha krimu kinacholiwa kingali moto. Watu wa Genova huchovya ndani ya kapuchino focaccia yao, mkate bapa wenye chumvi na mafuta ya zeituni, jambo ambalo Waitaliano wengine huliona kama wazimu. Mimi nililiona vivyo hivyo hadi nilipojaribu. Chumvi na maziwa matamu yanapatana kuliko unavyodhani.

Je, korneto hii ina uhusiano na ile aiskrimu ya koni yenye jina hilo hilo?

Ni jina tu, na wote wamelipata kwenye pembe. Aiskrimu hiyo ilianzia Napoli, katika kiwanda cha Spica, mwaka 1959, na mwaka 1976 ilinunuliwa na Unilever. Ukisema *cornetto* asubuhi utapewa mkate. Ukisema saa kumi ya alasiri mwezi wa Agosti, uwezekano wa kupewa koni unaongezeka.

Mimi na mume wangu tulikaa Roma siku tano, na korneto ya hotelini kwetu ilikuwa kama sifongo iliyotiwa sukari, wala hatukuona sababu ya sifa zote unazoimwagia. Tulikula ya bandia, au sisi ndio hatujui kula?

Mnajua kula sana, Bibi, na pengine mlikula ile ambayo haikuwa na bahati. Jambo ambalo wageni wengi hawalifahamu ni kwamba mikahawa mingi, na hoteli zaidi, haioki korneto yake tangu mwanzo. Iko ya aina tatu. Wachache wana jiko lao na mwokaji anayeamka saa nane ya usiku. Wengine huletewa alfajiri na karakana ya maandazi ya mjini, katika makasha ya plastiki yanayopangwa mlangoni kabla ya mhudumu kufika. Walio wengi hupokea korneto zilizogandishwa kiwandani, tayari zimeshaumuka, ambazo hutolewa kwenye friza na kuingizwa moja kwa moja kwenye oveni ndogo nyuma ya kaunta. Kugandishwa peke yake si dhambi. Kinyunya kizuri kilichogandishwa vizuri huishinda kazi ya mwokaji mvivu. Tatizo huwa ni kilichokuwemo kabla ya kugandishwa, na muda uliopita baada ya kuokwa.

Hapa ulimi wako ni kipimo bora kuliko tangazo lolote. Siagi huyeyuka kwa joto la mdomo na kwenda zake. Majarini nyingi za kazi hii zimetengenezwa zihimili joto zaidi, kwa hiyo huacha utando kwenye kaakaa ambao hata kahawa hushindwa kuuosha. Pasua korneto katikati: iliyotengenezwa kwa uangalifu ina mashimo yasiyolingana, yanayopishana kama chembe za sega la nyuki, wakati ile sifongo yenu bila shaka ilikuwa na ndani ya mashimo madogo yote sawa. Zipange mbili tatu na uzitazame. Zilizoviringishwa kwa mkono hazifanani kama mapacha. Ukikuta nyota ndogo mbele ya jina kwenye orodha, soma chini ya ukurasa, kwa kuwa ndiyo alama inayotumiwa kueleza kwamba bidhaa iligandishwa. Unaweza pia kumwuliza mhudumu waziwazi kama wanaoka wenyewe; anayeoka hufurahi sana kuulizwa, na asiyeoka hubadilisha mazungumzo. Kisha nenda mapema. Korneto ina saa chache tu za uzuri wake, na ile iliyobaki kabatini hadi saa tano imeshakuwa ngozi, hata kama saa moja ilikuwa malkia.

Na kama mtarudi Roma na kuamka mapema kunawashinda, basi msilale. Zile karakana zinazooka kwa ajili ya mikahawa ya mjini huanza kutoa korneto zao, zikipangwa trei kwa trei, kati ya saa sita na saa tisa ya usiku, na baadhi yake huuza pia kwa wapita njia. Kwa miongo mingi vijana wanaotoka kwenye muziki wamekuwa wakisimama foleni mbele ya milango hiyo, nusu yao wakisinzia, wakipokea korneto ndani ya mfuko wa karatasi ambao huanza kuloa mafuta kabla hawajafika kona. Ombeni ya krimu, lakini ishikeni kwanza kwa dakika mbili. Iliyojazwa ikiwa imetoka motoni huwa poa kwa nje na ndani inachemka, na mume wako, ambaye namhisi ndiye atakayeanza kuuma, atashindwa kuionja kahawa ya asubuhi.